Mtahini na Gari la Viti Viwili

Kwa miaka thelathini na moja mwanamume huyu alikula mshahara wa kiti cha abiria. Alikuwa mtahini wa madereva: ubao wa kuandikia juu ya mapaja, kalamu nyuma ya sikio, na pembeni yake mtu anayevuja jasho kwenye usukani. Mguu wake wa kulia haukutulia. Kila hatari ilipojitokeza ulikanyaga sakafu tupu, pu! Waliofeli wakambandika jina la Bwana Breki, na jina likamganda hadi akastaafu nalo.

Hakuwa mkatili, ila palikuwa na watu wa aina moja ambao hakuwasamehe: wenye mbwembwe. Kijana akishika usukani kwa mkono mmoja, au mtu mzima akingurumisha injini ili apitaye ageuke, kalamu ilishuka yenyewe. "Gari ni chombo cha kukufikisha," aliwaambia, "si kioo cha kujitazamia." Maneno hayo aliyasema mara nyingi hata makarani wa ofisini wakawa wanamwiga.

Sasa fikiri fedheha iliyompata alipotimiza miaka sitini na sita, moyo wake ukaanza kutamani gari la spoti. La chini, la viti viwili, lenye paa la kufunguka. Tamaa hiyo ilimwingia siku moja amesimama kwenye taa nyekundu. Mzee mwenye mvi nyeupe pe alikuja na gari la namna hiyo, akaikaribia kona bila haraka, akashusha gia kabla ya kukata, na gari likazunguka kama linatelezea mafuta. Mtahini alilitazama lile badiliko la gia kama mshonaji anavyotazama mshono wa mwenzake. Akajiuliza: miaka yote hii nimekaa karibu na usukani, ni lini nimeendesha kwa raha yangu mwenyewe? Hakukumbuka hata siku moja.

Tangu hapo akawa mtu wa kujificha. Alikaa sebuleni na simu, akitazama picha za magari, na mkewe akiingia aliigeuza kifudifudi. Mkewe alikuwa mkunga ambaye, ingawa alishastaafu, zahanati ilimwita bado siku mbili kwa wiki. Mtu aliyepokea watoto wa nusu ya mtaa hafichwi jambo kirahisi.

"Baba watoto, humo kwenye simu mna mwanamke?"

"Mwanamke gani tena, kwa magoti haya?"

"Basi huyo asiyekuwamo mwambie akupumzishe. Macho yamekuwa mekundu kama umekata vitunguu. Nenda kaone daktari."

Hapo ndipo alipopata mlango. Jumatatu iliyofuata alisema anakwenda kwa daktari wa macho, akaenda yadi ya magari.

Muuzaji, mtu mnene mwenye tai fupi, alimwonyesha gari jekundu lililolala chini kama nyoka. "Namtafutia mwanangu," alisema mtahini, kabla hata hajaulizwa. Kuingia aliingia, kwa maana kuporomoka si kazi. Kutoka ndiko kulikokuwa na mambo. Kizingiti cha mlango kilikuwa kipana kama benchi, kiti kikammeza kiuno, na cha kushika hakikuwapo. Alijaribu mguu wa kushoto, akajaribu wa kulia, mwisho akatanguliza mikono na kutoka kwa magoti, makalio yakiwa bado ndani. Wateja wawili waligeuka upande mwingine kwa adabu, na adabu yao ikamchoma kuliko kicheko.

"Mzee, mwanao na aje mwenyewe," alisema muuzaji akimpangusa vumbi suruali. "Hili lina watu wake."

Jumatatu ya pili, "daktari alisema nirudi," alikwenda kujaribu gari la rangi ya fedha katika yadi nyingine. Hilo liliingilika. Lakini lilibadili gia lenyewe, likashika breki lenyewe, likamlilia kengele alipokaribia mstari. Nguvu zake zilikuwa za kutisha na pa kuzitumia hapakuwapo. Kila tuta la barabarani lililikwangua tumbo. Alirudi yadi akijihisi abiria kama zamani. Ila safari hiyo ilimfunza anachokitaka. Hakutaka mbio. Alitaka gari jepesi, la gia ya mkono, lenye nguvu za kiasi ambazo mtu anaweza kuzitumia zote bila kuvunja sheria, na mlango ambao mzee anatoka kwa miguu yake.

Gari hilo alilipata kwenye tangazo dogo la gazeti, na Jumatatu ya tatu akalifuata. Lilikuwa la mjane mmoja mshona mapazia, mji wa jirani, mwendo wa saa moja. Karakana yake ilijaa majora ya vitambaa hadi darini. Nyuma yake, ndani ya banda, gari la kijani lilikuwa limefunikwa pazia lililoshonwa kwa vipimo vyake, na pindo lake.

"Lilikuwa la mume wangu," alisema mjane akilivua taratibu. "Mwaka wa pili sasa hayupo. Kila Jumamosi tulitoka nalo, yeye na mimi, hatuendi popote. Chukua usukani, kaka, mimi nitakaa pale ninapokaa."

Walikwenda hadi nje ya mji, paa limefunguliwa. Klachi ilikuwa laini, gia zilikaa mkononi kama kete. Alishusha gia ya tatu kabla ya kona, akasikia injini ikiitika, gari likaikata bila kuyumba, na yeye, Bwana Breki, akacheka kwa sauti. Upepo ulimwingia kifuani. Mguu wake wa kulia kwa mara ya kwanza ulikuwa na kitu cha kukanyaga.

Waliporudi, mjane alimkaribisha chai katikati ya majora. Alikuwa na swali moja tu.

"Na shemeji amekubali? Nakuuliza kwa sababu wanne nimewakatalia. Sitaki gari hili liende kuleta ugomvi kwenye nyumba ya mtu."

Jibu la kweli lilikuwa jepesi: bado sijamwambia. Lakini hilo lingemlazimu kueleza kwa nini, na kueleza kwa nini kungemtoa tena kwa magoti mbele ya watu. Ulimi ukatangulia.

"Sina mke, dada. Alifariki."

Mjane aliweka kikombe chini. "Pole sana, kaka. Alikuwa anaumwa?"

"Moyo."

"Ee, basi wewe unajua," alisema, na machozi yakamlengalenga. "Wengine nikiwasimulia wanaitikia tu. Wewe unajua kitanda kinavyokuwa kikubwa."

Akamsimulia mumewe kwa saa nzima. Mtahini alitikisa kichwa, akatia "naam" na "Mungu amrehemu" pale zilipotakiwa. Alipoaga, mjane alifungua mtoto wa meza, akatoa glavu za ngozi za marehemu, zilizochakaa kwenye vidole. "Chukua. Zinakwenda na gari. Njoo Alhamisi tuandikiane hati."

Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa ya saa moja tu. Alifika nyumbani akamkuta mkewe sebuleni na kichupa kipya cha dawa ya macho.

"Daktari wako mbona hakupi dawa? Njoo hapa."

Alimlaza kichwa pajani, akamfungua kope kwa vidole vile vilivyozoea wachanga. "Usipepese." Tone la kwanza likaanguka. Mtahini alitazama juu, akaiona sura ya mkewe imeinama, nyusi zimekunjwa kwa umakini, na akashindwa.

"Mama watoto, sikwenda kwa daktari."

"Najua. Daktari wa macho yuko likizo tangu mwezi jana. Pale zahanati tunatumia ukumbi mmoja. Nilikuwa nangoja uchoke. Lete jicho la pili."

Akamwambia yote, akiwa amelala vile vile, dawa na machozi vikimwingia masikioni. La gari alilisema haraka. La mjane lilimchukua muda. Alipofika mwisho, mkewe alifunga kifuniko cha kichupa, akakikaza mara mbili.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Moyo wa nani?"

Mkewe alikiinua kichwa chake pajani, akakiweka juu ya mto, akaondoka. Siku mbili walipishana ndani ya nyumba kama wapangaji. Chakula kilikuwa mezani, salamu zilikuwapo, ila hakumtazama. Yeye naye hakuthubutu kukaa kwenye kiti chake cha kawaida. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama mtahiniwa anayengoja kuitwa. Jioni ya Jumatano, jua halijazama, mkewe alisema, "Kesho nakwenda na wewe."

"Kufanya nini?"

"Kufufuka."

Alhamisi mjane aliwapokea kwa furaha. Alikuwa ameliosha gari. "Karibuni, karibuni. Na huyu ni dada yako?"

Mkewe alimwachia mtahini nafasi ya kujibu, kisha akasema kwa upole, "Mimi ndiye marehemu, dada yangu. Nimekuja kukupa pole ya mumeo, maana ile uliyompa huyu wangu haikuwa ya kweli."

Mjane alicheka kidogo, kama mtu ambaye hakusikia vizuri. Kisha akaona uso wa mtahini, na kicheko kikakatika. Alikaa kwenye jora la kitambaa.

"Ulikunywa chai yangu," alisema. "Nilikusimulia siku ya mwisho ya hospitali. Hata watoto wangu sijawasimulia ile."

"Dada, nisamehe. Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kutaka gari. Mtu wa umri wangu."

"Kutaka gari ukaona aibu. Kumzika mke mzima hukuona?"

Mtahini aliwahi kuwafelisha watu maelfu, na kila mara palikuwa na fomu ya kueleza sababu, na tarehe ya kujaribu tena. Hapa fomu haikuwapo. Alitoa glavu mfukoni, akaziweka mezani karibu na mkasi, akarudi nyuma. Mjane alizichukua upesi, kama anayeokota kitu barabarani kabla hakijakanyagwa.

"Gari sikuuzii," alisema. Akamgeukia mkunga. "Wewe, dada, karibu siku yoyote."

Njiani kurudi, ndani ya gari lao jeupe la milango minne, walipita nusu ya safari. Ndipo mkewe aliposema, akitazama dirishani:

"Ungeniambia, ningekucheka siku mbili. Siku ya tatu ningekuuliza kiti changu kikoje."

Maneno hayo yalimuuma kuliko ya mjane, kwa sababu aliyajua ni kweli. Alikuwa amemwogopa mtu ambaye angecheka siku mbili.

Aliandika barua ya kuomba radhi. Haikujibiwa, na hakuandika ya pili. Gari la kijani lilinunuliwa na mtu mwingine. Miezi minane ikapita, mkewe akaja na habari: daktari wa meno aliyestaafu anauza gari la bluu, viti viwili, gia ya mkono, kuukuu lakini limetunzwa. Walikwenda pamoja. Mkunga alitangulia, akaingia na kutoka mara tatu, akapima buti kwa kikapu chake, akalalamikia kioo, akalikubali. Halikuwa zuri kama lile. Gia ya pili ilikuwa na ubishi, na paa lilihitaji mikono minne. Lakini Jumapili mchana lilikata kona vizuri, na mkewe alijifunga kitambaa kichwani akaimba, vibaya, hadi walipomaliza mafuta.

Mchana mmoja wa namna hiyo walikuwa kwenye kituo cha mafuta. Mtahini ameshika kifuniko cha tangi, akageuka, akamwona mjane akishuka kwenye teksi na jora la pazia begani. Alitaka kuinama nyuma ya gari, na gari lilikuwa fupi mno kumficha mtu.

Mjane aliwaona. Alikuja, akamshika mkunga mkono, wakaulizana hali na watoto. Akalizunguka gari, akaweka kiganja juu ya boneti lenye joto.

"Mnafungua paa lakini?"

"Mvua isipokuwapo," alijibu mkunga.

"Vizuri. Lisiposikia upepo linaoza."

Aliaga, akaenda zake. Mtahini hakusalimiwa, wala hakutegemea kusalimiwa. Alisimama na kifuniko mkononi, uso unawaka, hadi mhudumu wa pampu alipomwambia kwa mara ya pili, "Mzee, limejaa."