Fundi Aliyetusimamisha Kanazi

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakunywa chai na mke wangu, kabla hajaenda kufungua duka lake la vioo hapa Ngara mjini, simu ikaita kutoka Kasulo. Aliyepiga alikuwa binti mkubwa wa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, ambaye karakana yake wengi wenu mnaopita barabara ile mmekwisha kuiona, ile yenye mageti yaliyoegemezwa nje. "Mwalimu, mzee ametutoka," alisema. Marehemu alikuwa amesumbuliwa na kifua kwa majuma kadhaa, akapata nafuu, akaenda misa ya Jumapili kwa miguu yake. Aliporudi alijilaza kidogo, na hakuamka. Nilimpa pole binti, nikakata simu, nikamweleza mke wangu. Akasema, "Na ile makala hujaiandika." Ni kweli, sikuwa nimeiandika, na ndiyo hii ninayoiandika leo, nikiwa nimechelewa.

Nilimfahamu mzee huyo kwa sababu ya vioo. Mnaokumbuka nyumba zetu za zamani mnajua kwamba dirisha lilikuwa tundu dogo lenye kipande cha mbao. Siku hizi mtu akijenga Mugoma au Kanazi anataka dirisha pana linaloonyesha mgomba wake wote na kilima cha ng'ambo. Mke wangu aliliona hilo mapema. Tukawa tunanunua vioo Biharamulo, tunavilaza nyuma ya pikapu juu ya magodoro na mablanketi, tunaendesha polepole kama tunaopeleka mama mjamzito hospitali, na bado tunafika na nyufa. Safari moja tulifika na kioo kimoja tu kizima. Mke wangu alikaa kwenye ngazi ya duka, akasema biashara hii haina maana, afadhali auze vitenge. Ndipo jirani akatuambia kuna mzee Kasulo anayetengeneza keria za kila namna: za mikungu ya ndizi, za mabati, hata moja ya kubebea mizinga ya nyuki.

Jirani alinipeleka akanitambulisha, nami nikamsalimu, "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwalimu. Unataka kubeba nini?" Nilipomweleza, nilidhani atachukua futi kamba apime bodi la pikapu, aniambie nirudi baada ya siku tatu. Badala yake alisema hajawahi kubeba kioo, hivyo hajui kinavyosumbuka njiani. Akataka twende naye safari inayofuata. Tulikwenda. Wakati wa kurudi alikataa kabisa kiti cha mbele. Alivaa glavu zake nene, akaketi nyuma kwenye bodi, akaweka kiganja kwenye kona ya vioo, na mkono wa pili akaushikiza kwenye ukingo wa bodi. Kila nilipotazama kwenye kioo cha pembeni nilimwona ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza maungamo. Tulipofika alishuka akiwa mwekundu wa vumbi, akasema, "Mwalimu, unapunguza mwendo kwenye mashimo, lakini shimo halina kosa. Gurudumu moja likishuka peke yake, bodi linajipinda. Kioo hakiwezi kujipinda, basi kinapasuka. Na umekilaza! Kioo husafiri kimesimama."

Keria aliyotujengea ilikuwa na umbo la paa la nyumba, ikisimama katikati ya bodi, na vioo viliegemea pande zote mbili. Aliiunda kwa mabomba ya mraba, akaweka ubao na vipande vya tairi kuukuu chini mahali kioo kinapokalia, na mikanda ya mpira ya kukizuia kisicheze. Nilishangaa kwamba hakuichomelea kwenye bodi. Alisema bati la bodi ni jembamba, ukilichoma litaoza kwa kutu, na litaivuta keria kila linapojipinda. Alitoboa matundu manne, akapitisha bolti ndefu hadi kwenye chasi, na kila bolti akaivalisha raba nene juu na chini. Kisha akamwomba mke wangu vioo vyote vilivyokwisha kupasuka, akavipakia, akaniambia niendeshe hadi mtoni na kurudi bila kuvionea huruma. Havikuongeza ufa hata mmoja. Mke wangu alicheka kwa sauti mpaka majirani wakatoka kutazama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Miezi mingi baadaye, mguu mmoja wa keria ile ulipinda tulipogongwa na trekta sokoni. Nilimpelekea mzee, akaukata na kuweka mwingine. Kesho yake mapema tulipakia vioo vya kanisa la kigango kimoja huko Mugoma. Waumini walikuwa wamevichangia kwa misimu miwili ya maharage, na padre alikuwa anakuja kubariki siku iliyofuata. Katekista wa kigango hicho alikaa nami mbele. Tulipokaribia Kanazi nikasikia honi ya pikipiki nyuma yetu, inapigwa bila kukoma. Alikuwa mzee, amepakiwa, bado amevaa aproni yake ya ngozi. Alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. "Zima gari, mwalimu. Kosa ni langu. Umeme ulikatika jana nikiwa nimeushikiza ule mguu kwa nukta mbili tu za kuchomelea. Uliporudi nilianza geti la mtu mwingine. Sikumalizia."

Katekista alishuka akautazama mguu, akautikisa. "Mbona umeshika, mzee? Padre anakuja kesho. Tutakwenda polepole."

"Hapana. Hapo mbele kuna mteremko. Shusheni vioo."

"Mbele ya watu wote hawa tuanze kushusha?"

"Mbele yao," alisema mzee, na yeye mwenyewe akaanza kulegeza mikanda.

Tulivishusha kimoja kimoja, tukaviegemeza kwenye ukuta wa duka, watu wakijaa na kutoa maneno. Wengine walimcheka mzee machoni pake. Ilibidi aende kwa fundi mwingine wa pale Kanazi kuomba mashine. Fundi huyo alipougonga mguu ule kwa nyundo, pigo moja tu, ulidondoka. Wachache tuliokuwa karibu tuliliona hilo. Mzee akauchomelea upya, tukapakia tena. Tulifika Mugoma jioni, mafundi wa madirisha wakiwa wamekwisha kuondoka, na padre akabariki kanisa lenye madirisha yaliyozibwa kwa mashuka.

Nilikuwa nimeona aibu na nilikuwa na hasira. Juma lile, katika safu hii hii, niliandika juu ya mafundi wasiomaliza kazi. Wasomaji wa siku nyingi mtakumbuka. Sikumtaja, lakini niliitaja keria, kanisa na mashuka, na hapa kwetu hiyo inatosha. Kuhusu pikipiki na nyundo sikuandika neno. Wateja wake kadhaa walianza kwenda kwingine, na katekista akawa anasema fundi yule anasahau. Nilipomtembelea baadaye, gazeti lilikuwa juu ya benchi lake. "Nimesoma," aliniambia kwa upole, akiendelea kufuta mikono. "Uliyoandika ni kweli, mwalimu. Ila hukumaliza." Nilimwahidi kwamba nitaandika tena. Kisha pakawa na uchaguzi, pakawa na mvua, pakawa na mambo mengine ya kuandika, na kila tulipoonana aliniuliza habari za keria na hakuniuliza habari za makala.

Tulimzika Jumatano. Katekista alikuwepo, akaniambia kando kwamba vioo vya kanisa vyote bado vizima, kisha akatazama pembeni, nami nikatazama pembeni. Nimewaza sana tangu siku hiyo. Ajali iliyozuiwa haina shahidi. Kinachobaki midomoni mwa watu ni usumbufu wa kuizuia. Muuguzi anayerudi kusema amechanganya dawa, karani anayekiri kwamba ameandika jina la mtu vibaya kwenye hati ya shamba, mwalimu anayefuta ubao na kusema jana niliwadanganya: wote hao tunawacheka, na wenzao wanaotazama wanajifunza kunyamaza. Kisha tunashangaa kwa nini vitu vinatuangukia. Mzee yule angeweza kubaki Kasulo na geti lake, akiomba Mungu nukta mbili zishike. Aliacha kazi, akapanda pikipiki, akaja kujiaibisha ili sisi tufike salama. Mtu akija mwenyewe kukuambia amekosea, mpelekee na kazi yako inayofuata, na uwaambie watu kwa nini umempelekea. Mimi sikufanya hivyo alipokuwa hai, na kuyaandika haya leo hakunipunguzii deni hilo.