Neno Mtani Lilivyokatwa

Kitabu sikukitaka mimi. Shule niliiacha darasa la tatu, mbuzi wa baba walihitaji mtu na mimi ndiye niliyekuwa na miguu. Lakini mjukuu wa dada yangu, mwalimu pale Ukunda, alikuwa akinijia Msambweni kila Jumamosi na simu yake, kunirekodi kwa kipindi chake cha mtandaoni. Ananikalisha mkekani, ananiambia, "Bibi, tupe mwizi wa leo," nami natoa. Wezi wa huku kwetu, wa kuchekesha. Yule aliyeiba kuku akaenda kumuuza kwa mwenyewe. Yule aliyevunja duka la sabuni, mvua ikamnyeshea njiani, akafuatwa kwa povu. Kweli tupu, naapa. Watu wakisikiliza kwenye simu zao, kwa vinyozi, jikoni mwa hoteli za Diani, na kicheko cha mjukuu wangu kikiingia mumo humo, maana ana kicheko cha bata na hawezi kukizuia.

Iliyopendwa zaidi ilikuwa ya sufuria.

Chama chetu cha akina mama kilikuwa na sufuria la shughuli, la harusi na matanga, mtoto mzima angeoga ndani yake. Lilikuwa likikaa bandani kwangu, na ufunguo ninao mimi. Adhuhuri moja jirani yangu mwanamume akalichukua. Mikononi halibebeki, basi akajifunika nalo kichwa mpaka kifua, akawa anatembea kwa kutazama vidole vyake vya miguu. Njia ikampeleka mpaka barazani kwa chifu, katikati ya mkutano wa usalama. Chifu akauliza, "Wewe sufuria, unakwenda wapi?" Sauti ikatoka ndani, "Shikamoo mzee. Nakwenda nyumbani."

Hata jirani mwenyewe aliisikiliza kipindini, akaniletea salamu kwamba siku ile alikuwa amependeza. Kwa sababu ni mtani wangu. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu. Tunatukanana mpaka msibani na hakuna wa kukasirika.

Kisha mjukuu akataka visa hivyo viwe kitabu. Sasa shida ya kitabu, hakicheki. Maneno niliyoyasema kwa kuvuta na kubinua mdomo, kwenye karatasi yamelala kama dagaa juani. Na zile alama ndogo ndogo katikati ya maneno, mimi nilidhani ni uchafu wa nzi. Mjukuu wangu akasafisha. "Bibi, 'mtani wangu' umelisema kila pumzi. Msomaji atachoka." Nikamwambia kata, mwalimu ni wewe. Akakata pote. Mahali pake akaweka "mwizi".

Kabla kurasa hazijapelekwa Mombasa kwa mtengeneza vitabu, nikasema mtani mwenyewe asomewe kwanza. Tulimkuta uani kwake anashona makuti. Mjukuu akasoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Alipofika pa "mwizi akalibeba sufuria", mikono ya yule mzee ikasimama.

"Rudia hapo, mwanangu."

Akarudia.

Nikamchokoza, "Ulidhani tutakuandika kadhi?"

Hakucheka. "Dada," akaniita. Maisha yetu yote ameniita mchawi, ameniita mke wa nyani, dada hajaniita hata siku moja. "Neno lile ulininyima mbele ya askari. Niliposikia umelisema kwenye simu, nilimwambia mke wangu, amelisema, miaka yote hii, hatimaye amelisema. Leo umelikata tena."

Mjukuu akanitazama. Hakuwa akijua, kwa kuwa sehemu hiyo kipindini sikuitia.

Asubuhi ya siku ile ya sufuria, mtani wangu alikuja kuniomba, la arubaini ya mama yake. Nikamtania: "Ukoo wenu mpewe sufuria? Mtalitafuna. Nendeni mkapikie kifuuni." Akacheka, akaondoka. Nilikusudia kumpelekea, kisha nikashikwa na shughuli zangu nikasahau, na banda nikaliacha wazi. Naye akarudi akalibeba kwa njia ya utani, maana mtani hunyakua chako, nawe unakwenda kukikomboa kwa vicheko. Wazee wangemaliza hapo hapo. Lakini pale barazani palikuwa na askari wa bara, utani wetu haujui. Nikaitwa. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu, mtani wangu. Akina mama wa chama walikuwa wamenikodolea macho, banda liliachwaje wazi, nami nikaona aibu ya ufunguo. Nikasema, "Sikumpa."

Kweli, sikumpa. Akakaa rumande Kwale wiki tatu. Arubaini ya mama yake ikasomwa hayupo.

"Basi tuiondoe yote," mjukuu akasema polepole.

"Nani kasema iondolewe?" mzee akamkatiza. "Sufuria nililibeba mimi. Nataka tu ijulikane nililibeba kama nani."

Nikamwambia mtoto atoe kalamu. Rudisha mtani, kila mahali, msomaji achoke akitaka. Kisha andika: niliulizwa, nikasema sikumpa.

"Bibi, hapa watu hawatacheka. Na wenzako wa chama watasoma."

"Andika."

Akaandika, akamsomea. Mzee akasikiliza hadi mwisho, ameinamisha kichwa.

"Na ile arubaini," akasema, "andika ilikuwa ya mama."

"Palipikwa nini, babu?" mjukuu akauliza.

"Mimi nitajuaje? Muulize huyo."

Nilikuwepo. Nilipika mimi, kwa sufuria lile lile. "Wali wa nazi," nikasema, "na maharagwe. Watu walikula wakashiba, wengine wakafungiwa cha kwenda nacho."

"Chumvi?" mzee akauliza.

"Ilizidi kidogo."

Akaliokota kuti lake, akatafuta aliposhonea.

"Ehe," akasema. "Iandikwe hivyo."