Mke wangu alivyootesha tulipu Sib, miaka ya sitini

Wakuu, salaam aleikum.

Mie mtu mzima, kuandika humu kanfundisha mjukuu, basi herufi zikipotea nstahamilieni. Nnayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na aliyeyafanya yupo hapa pembeni ananikosoa.

Tulitoka Unguja 1964, mie, mama yangu na mke wangu Zuwena, ndoa bado changa. Tukafikia Sib, pwani ya Omani.

Msiifikirie Sib ya leo yenye majumba na uwanja wa ndege. Wakati ule ni mchanga, mitende, na kisima cha kuchota kwa zamu.

Zuwena kwao kazoea mawaridi na asumini mlangoni. Sib hana ua, hana Kiarabu. Akifungua mdomo kisimani wanawake wanacheka.

Akapata kijiti cha asumini, akakipanda. Siku moja anakimwagia maji, jirani yetu Bi Rayya akamwambia neno kali. Usiku akaniuliza maana yake.

"Kasema maji ni ya mitende, si ya mapambo."

Hakukimwagia tena. Kile kijiti kikakauka, na kisimani akaacha kwenda. Nikawa nachota mie, mwanamme mzima na ndoo. Stresi ya nyumba ile wacha tu.

Siku hizo nikiendesha gari la wazungu waliokuwa wakitafuta mafuta. Mhandisi mmoja mamaake kampelekea mfuko wa vitunguu vya maua, tulipu. Akanipa huku anacheka.

"Huku havioti. Vinataka baridi miezi mizima, ndo viamke."

Nikampelekea Zuwena kama kichekesho. Akavigeuza mkononi, akanitazama.

"Kambini kwenu hakuna friji?"

Friji lilikuwepo, la mafuta ya taa, la nyama na soda za wakubwa. Wallahi niliona haya kuomba. Lakini tangu tufike sijamsikia mke wangu akitaka kitu. Nikaomba. Yule mhandisi akakubali, nadhani apate cha kusimulia kwao.

Vikakaa chini ya soda, vimefungwa kwenye kipande cha kanga, kuanzia joto lilipopungua mpaka baridi ya Sib ilipoingia khasa.

Zuwena akavipanda kwenye vyungu, mchanga na samadi ya mbuzi, kivulini. Maji safi ya kisima hakuyagusa. Alitumia aliyooshea mchele. Na akitawadha, anaosha miguu juu ya chungu! Mama yangu aliona kachanganyikiwa.

Vingi vilioza. Vichache vikatoa majani. Halafu asubuhi moja nasikia naitwa kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau.

Tulipu wakuu! Nyekundu, fupi fupi, vikonyo havifiki shubiri. Asubuhi zimejifumba, jua likipanda zinafunguka kama vikombe. Sijapata kuona kitu kizuri vile, na mie nimetembea.

Wiki hiyohiyo Bi Rayya anaoza binti yake. Akapita mlangoni kwetu, akaziona, akasimama. Hakuomba. Alisimama tu, kisha akenda zake.

Zuwena akachukua kisu.

"We mwanamke, miezi yote hii umezingoja!" nikamwambia.

"Hayo maua yatakufa kesho kutwa, yakatwe yasikatwe," akasema. "Bi Rayya nitaishi naye."

Akayakata yote. Akaenda mwenyewe, bila ya mie kumfasiria.

Aliyoyaona huko kanisimulia. Bi Rayya aliyapokea, akayashika kifuani, akalia. Akamtia moja bibi harusi nyweleni. Akamkalisha Zuwena pembeni ya binti yake, na kila mgeni akiingia anamwambia, "Hadhi jarti," huyu jirani yangu.

Asubuhi ya pili Bi Rayya akaja kumgongea waende kisimani pamoja. Kiarabu chake Zuwena kakisomea hapo, kwa kuchota na kucheka. Mpaka leo anakisema kunishinda.

Vile vitunguu havikuchanua tena. Mwaka wa pili wakapanda maua ya nargisi, wawili hao, upande wa Bi Rayya.

Nilichojifunza: mie nilikuwa namfasiria maneno nikadhani namsaidia. Yeye alipata ujirani kwa kutoa kitu pekee alichokuwa nacho, na kampa aliyemuumiza. Mie nisingeweza. Bado namstaajabia.

Anasema niongeze kwamba mama yangu naye alianza kutawadha juu ya vyungu.

Haya, wa Maskati na kwengineko, nani kaotesha ua ambalo watu walisema halioti? Leteni visa, Zuwena anataka nimsomee.