Wastani Nilioulinda

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ambayo hata leo nikiikumbuka, chai inanishinda kumeza.

Nilikuwa karani mjini, naishi Ngara, na wikendi tulikuwa tukicheza boling kule Westlands, ule mchezo wa kuvingirisha mpira mzito uangushe pini. Usicheke, nilikuwa moto! Kila wiki ilibandikwa ukutani orodha ya wachezaji wa ligi, wamepangwa kwa wastani wa alama zao, na jina langu, Mwende, lilikuwa juu kabisa. Lo, nilivyoringa!

Nahodha wa timu yetu ya watu wanne alikuwa Mzee Wekesa, seremala wa mtaa wa Jamhuri. Alikuwa anastaafu kurudi kwao Bungoma, na alitamani kitu kimoja tu: tubebe kombe kabla hajaondoka.

Siku ya fainali nikapiga hesabu zangu. Aliyenifuata kwenye orodha alikuwa ameshamaliza michezo yake. Nikicheza vibaya, wastani utashuka na atanipita. Nisipocheza, hakuna wa kunigusa. Basi nikajifunga bendeji, nikasema mkono umeteguka. Sisingizii shetani, nilijituma mwenyewe. Wenzangu wakacheza watatu dhidi ya wanne, wakashindwa kwa pini chache sana. Jina langu likabaki juu.

Mzee Wekesa akanijia na dawa ya kuchua.

“Pole, mama. Mkono iko aje?”

“Bado inauma, Mzee.”

Akautazama mkoba wangu mzito. Nilikuwa nimeubeba kwa mkono huohuo.

“Haya. Mungu akuponye,” akasema, akaniachia ile dawa. Wiki iliyofuata akaenda zake Bungoma.

Miaka ilipita, aibu ikinitafuna, ndipo nikampigia simu nikiri. Sikufika mbali, kilio kikanishika.

“Mwende, mimi nilijua siku ileile,” akasema. “Nilikuwa nangoja tu uniambie kabla nipande basi.”

Alinisamehe, lakini lile kombe sikuwa nalo la kumpa. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea mpaka ameota mvi.

Basi nisikize. Wenzako wakikuhitaji, ingia ucheze, hata kama jina lako litashuka. Na ukikosea, kiri mapema, uliyemkosea angali mbele yako. Mola akupe moyo usioogopa kushuka, mwanangu, na wanaokupenda wasikungoje bure.