Fundi Asiyeruhusiwa Kwenda Mbio

Umande haujakauka mjini Meru, na Sulemani tayari amelipandisha juu ya magogo gari kuukuu la kubebea nyama. Magurudumu ya nyuma yanaelea. Anawasha injini, anatia gia na kukanyaga mafuta mpaka mshale ufike maili arobaini kwa saa. Kiti kinaanza kumtikisa.

Gari ni la Abubakar mwenye bucha, mteja mkubwa pekee aliyembakia. Polepole limetulia, likifika arobaini linatetemeka. Fundi mwingine angetoka nalo barabarani. Sulemani hawezi. Tangu Hali ya Hatari itangazwe, kupita kizuizi cha mjini ni kwa kibali, na ombi lake limekataliwa mara mbili.

Riungu, fundi wa ng'ambo ya barabara, anacho. Kaka yake ni homugadi, askari mlinzi wa serikali. Sulemani anamwonea wivu, wala hafichi.

"Yeye anajaribu gari mpaka Muthara," anasema. "Mimi najaribu juu ya magogo. Halafu watu wanasema Riungu ndiye fundi."

Mwezi uliopita Riungu aliifungua propela ya gari hili, chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma. Basi Sulemani ameishusha mara mbili akitafuta kosa, na anakiri alilitamani kuliko chakula. Hakuliona. Kazi ni safi, na usafi huo unamuudhi.

Leo anang'oa magurudumu na kuwasha tena. Mtetemo umekwisha. Kumbe ubaya uko kwenye magurudumu. Analigeuza la kushoto: ndani ya rimu limeganda donge gumu kama tofali. Kila Abubakar anapoosha gari, mafuta ya nyama hupenya tundu la sakafu, yakadondokea gurudumu na kushikana na udongo mwekundu. Upande mmoja umekuwa mzito. Sulemani analibandua kwa patasi.

Abubakar anafurahi, kisha anampa Riungu mwenye kibali ufunguo akalijaribu barabarani. Sulemani analifuata mpaka kwenye kizuizi cha mjini na kuishia hapo, mikono imejaa grisi, akilitazama likiondoka.

Riungu anarudi. "Imetulia kabisa," anasema. "Ulijuaje na hujaiendesha?"

Sulemani anajifuta grisi na kurudi kwenye magogo yake.

Ataomba kibali mara ya tatu. Akiulizwa anataka kwenda wapi, hasiti.

"Popote, bora arobaini ifike. Na Riungu asimame hapa kwa kizuizi, akule vumbi yangu."