Bendera na Baiskeli ya Baba

Baba yangu ana baiskeli nyeusi ambayo sijamwona akiipanda tangu aanze kuugua. Anaisukuma tu. Akienda dukani kununua sukari anaisukuma, akienda kumsalimia rafiki yake kwenye nyumba za chini za kampuni ya chai anaisukuma. Huku Kericho, kwenye vilima hivi vya chai, mwanamume anayesukuma baiskeli hamshangazi mtu. Majirani Wakipsigis walimtania kwamba sisi watu wa ziwa hatujawahi kukubali kuwa dunia ina milima.

"Mzee, hiyo baiskeli inakubeba ama wewe ndio unaibeba?"

"Tunasindikizana," Baba alijibu, akacheka mpaka akakohoa.

Mimi ndiye niliyejua kwamba bila baiskeli hafiki dukani. Huweka mikono kwenye usukani, akainama mbele, na hapo kifua kinapata nafasi. Ukimwondolea anaanza kuyumba kama ndama aliyezaliwa asubuhi, mkono mmoja ukitafuta ukuta.

Alifanya kazi kiwandani, katika chumba cha kuchambua majani makavu, ujana wake wote na sehemu ya uzee. Vumbi la chai lilikuwa likirudi naye nyumbani kwenye nyusi. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema angeweza kumkung'uta juu ya sufuria apate chai ya jioni. Tulicheka sana. Sasa mapafu yameharibika, na sijui nilaumu vumbi, moshi wa kuni wa jikoni kwetu, au vyote viwili. Anaishi nami katika nyumba ya kampuni, niliyopewa kwa sababu nachuma chai.

Tulienda hospitali, upande wa Kaplong, kwa sababu Baba alikuwa ameanza kuangukaanguka. Daktari, msichana mwenye subira kuliko mimi, alitueleza kwamba ugonjwa huu hauishii kifuani. Miguu ikikosa hewa na mazoezi inalegea, na mtu anapoteza usawa akigeuka au akiharakisha. Kisha akamwambia Baba ainue mikono yote miwili juu na atembee mpaka mlangoni. Hakufika.

"Mzee, mikono ikiwa juu, ile misuli inakusaidia kupumua inapewa kazi mbili," alisema. "Weka mikono chini. Egemea kitu. Na utembee kila siku pole pole, usikae tu."

Njia nzima ya kurudi Baba aliisifu dawa ya kuvuta kwa mdomo aliyopewa. Kuhusu mikono hakusema neno, nami nilijua sababu. Baba ndiye mshika bendera wa kanisa letu.

Ni kanisa la kanzu nyeupe, lililokuja huku na watu wetu kutoka ziwani. Kila Jumapili waumini hupanga mstari kwenye lango la shamba, ngoma nyuma, wakapanda barabara ya murram katikati ya chai mpaka kanisa la mabati lililo juu ya kilima. Bendera hutangulia, na hushikwa kwa mikono miwili, juu. Baba ameishika tangu kabla sijazaliwa. Wiki nzima yeye ni mstaafu anayekohoa katika nyumba ya binti yake, lakini Jumapili watu wote hutembea nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeacha kuandamana miaka mingi, na kanzu yangu ilikuwa chini kabisa ya sanduku.

"Baba, si uwachie vijana hiyo bendera?"

"Nikiwaachia nitabaki na nini?"

"Utabaki na pumzi."

"Pumzi ya kufanyia nini, nyara?"

Nyara ni binti yangu, kwa lugha yetu, na yeye hulitumia neno hilo akitaka ninyamaze. Nilirudi kwenye sufuria, nikazigonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili iliyofuata niliwafuata kando ya barabara, nikisukuma baiskeli yake. Mvua ya jana yake ilikuwa imeilainisha murram. Pale barabara inapopinda Baba aligeuka, bendera ikaenda upande mmoja na miguu upande mwingine, akaanguka kwenye matope na kanzu yake nyeupe.

Ngoma hazikusimama. Zilipigwa kwa nguvu zaidi. Kwetu mtu akianguka hivyo ni Roho amemshukia, na aliyeshukiwa haguswi. Walimzunguka wakiimba, wengine wakilia kwa furaha. Wanampenda, lazima niseme hivyo. Walikuwa wamengoja miaka mingi mtu huyu mkimya naye apate siku yake. Niliitupa baiskeli nikajipenyeza katikati yao, na mama kiongozi wa kanisa akanishika mkono.

"Mwache, mwanangu. Bado anaongea na Roho."

"Haongei na mtu. Hana hewa."

Alinitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama asiyeamini. Nikajinasua. Midomo ya Baba ilikuwa rangi ya zambarau. Nilimwinua akae, nikamwekea mikono juu ya magoti, nikampa dawa ya kuvuta niliyokuwa nayo mfukoni. Mtu fulani nyuma yangu alinung'unika kwamba naharibu. Polepole kifua chake kikatulia.

Mama kiongozi akainua mkono, ngoma zikanyamaza. Aliyeshukiwa lazima aulizwe.

"Baba, umeonyeshwa nini?"

Nilifikiri, sasa atasema. Angesema tu kwamba ni mgonjwa, wangempa kiti mbele kabisa na kumheshimu vilevile. Alinitazama mimi. Macho yake yaliniomba kitu, nikadhani anaomba ruhusa ya kusema ukweli. Nikaitikia kwa kichwa.

"Nimeambiwa niendelee," alisema.

Vigelegele vikajaa barabara, wakamrudishia bendera. Na mimi, kwa kuitikia kule kwa kichwa, nilikuwa nimekwisha kumshuhudia mbele yao.

Nyumbani nilimfokea. Nilimwambia amelidanganya kanisa na kwamba atakufa barabarani. Alingoja nimalize, kisha akangoja tena apate pumzi.

"Uliskia vile waliimba?" akauliza. "Ningesema ni ugonjwa, wangeanza kuniimbia zile za matanga." Baadaye, bila kunitazama, akaongeza, "Jumapili usikae mbali."

Nilienda kwa mama kiongozi nikamweleza yote, mapafu, miguu, mikono. Alinisikiliza vizuri. Alisema ataniombea.

Kwa hiyo nimetoa kanzu sandukuni, na sasa natembea nyuma yake, karibu kabisa. Watu wanasema baba alishukiwa na binti akarudi, nami nimechoka kuwasahihisha. Wao wanaangalia bendera, mimi naangalia mabega yake. Yakianza kupanda kwa kukosa hewa, nasogea. Naogopa sana. Naogopa siku atakayoanguka asiinuke, ngoma zipande, na katika umati wote huo niwe peke yangu ninayejua kinachoendelea.

Jumapili iliyopita, pale pale kwenye kona, aliachia mti wa bendera kwa mkono mmoja, akaurudisha mkono huo nyuma bila kugeuka, ukawa unatafutatafuta. Niliushika. Ulikuwa wa baridi. Bendera ikainama kidogo, tukaikata kona pamoja, na nyuma yetu watu wote, walipoona bendera imeinama, wakainama pia.