Mvua Iliyotangulia Mashua za Joka

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani wa utafiti nilivaa tai iliyonikaba hadi Kichina kikagoma kutoka. Kabla ya hapo nilikuwa mfunga mizigo pale Shisanhang, soko la nguo za jumla, na Kichina nilikisomea shule ya jioni, nikisinzia kuliko mwanafunzi yeyote barani Asia. Mkuu wangu alikuwa Daktari, binti wa Kitanzania, mtafiti wa chuo kikuu hapo Guangzhou. Alitaka kujua kwa nini walionusurika mafuriko, wengine wanaamini tabianchi inabadilika, wengine hawaamini.

"Mzee Salehe," akaniambia ndani ya basi la kwenda Xintang, mji wa jinzi, "mkalimani ni bomba. Kinachoingia huku ndicho kinachotoka kule. Usiongeze chumvi."

"Mimi, Daktari? Hata kwenye wali situmii!"

Wenye karakana za jinzi tuliwahoji kwa dodoso, yaani maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule. Jibu nalo likawa lilelile: haya ni maji ya mashua za joka tu. Ndivyo wanavyoita mvua za majira ya sikukuu ya kushindanisha mashua zenye vichwa vya joka. Wanangu, janga likishapewa jina, watu hulizoea.

Mmoja wa tuliowahoji tulimwita Ayi, yaani shangazi kwa Kichina; alikuwa mshonaji. Maji yaliingia nyumbani kwake mara mbili. Mara ya pili majirani walimwopoa mumewe, aliyepooza miguu. Bado alimlaza palepale ghorofa ya chini, kando ya cherehani, wapate kuzungumza akishona.

"Mvua ni ileile," akatuambia. "Bibi yangu aliijua."

Nilitamani kumsihi amhamishie juu. Daktari akanikata jicho: mtafiti hashawishi.

Dodoso likaisha. Ayi akatumiminia chai, akaniuliza, "Na kwenu mvua zina majina?"

"Zinayo. Zamani mvua ya masika ukiipangia arusi, inafika kabla ya bwana arusi. Siku hizi inakuja ikijisikia."

Birika likabaki hewani. "Mashua zetu huzikwa kwenye tope la mto," akasema polepole, "zikafukuliwa sikukuu ikikaribia. Maji yale ya pili yalikuja mashua zingali zimelala topeni." Akamtazama mumewe. "Sasa yale yalikuwa ya nani?"

Akaweka birika chini. "Nisaidieni kupandisha kitanda juu."

"Huko juu nitazungumza na nani?" mumewe akalalamika.

"Na mimi. Cherehani nayo inapanda."

Daktari akakunja mikono ya blauzi, akashika cherehani upande mmoja. Mzee nilimbeba mgongoni, mzito kuliko kontena la futi arobaini.

"Unahema kama nyati," akaninong'oneza sikioni.

"Nawe umeshiba kama arusi mbili!"

Baada ya Daktari nilifanya kazi na profesa mmoja wa Kichina, asiyecheka hata akitekenywa, hadi magoti yangu yalipoomba ruhusa. Sasa nimestaafu, niko Morogoro. Vijana huniuliza ni nini humfanya mtu aamini kuwa tabianchi inabadilika. Nawaambia mafuriko peke yake hayatoshi. Mtu huyapima kwa mambo aliyokua nayo, na hupenda apime pamoja na mwenzake.

Mvua ikinyesha Xintang, yule mzee niliyembeba hunitumia sauti kwa simu. Nasikia mvua, na nyuma ya mvua cherehani, kisha Ayi anamwambia jambo, naye anacheka.